Neno Moja, Majibu Kumi

Kila asubuhi, baada ya kuteka maji na kufagia uwanja, Stefania alimsomea bibi yake Biblia kabla ya kwenda shule. Macho ya Bibi Magdalena yalikuwa yamefifia, lakini masikio yake hayakukosa kitu. Stefania akiruka neno, bibi humrudisha.

"Rudia hapo, mjukuu wangu. Umekula neno."

Walikuwa na mwaka mmoja tu katika kijiji kipya cha ujamaa, kule Rondo. Watu wa vitongoji vitano walikuwa wamehamia mahali pamoja, wakajenga shule, kisha wakaanza kanisa dogo la udongo. Kuta zilikuwa zimesimama. Paa lilikuwa bado nusu.

Siku moja alifika Ndugu Lukas kutoka Lindi. Alikuja na karatasi za Biblia iliyokuwa ikitafsiriwa upya kwa Kiswahili cha siku hizi. Kazi yake ilikuwa kuwasomea watu na kuona kama wanaelewa. Pale ambapo Biblia ya zamani ilisema "dhabihu", yeye akasoma "tambiko".

Bibi Magdalena alisimama papo hapo.

"Tambiko? Ndugu yangu, kwetu tambiko ni unga wa mtama unaomwagwa kaburini kwa ajili ya mizimu. Baba yangu alikataa kutambika, ukoo wake ukamfukuza. Alifika misheni na nguo aliyoivaa tu. Leo neno hilohilo mnaliingiza kwenye Biblia?"

Mwalimu Dionis, katekista aliyewafundisha watoto dini, alijibu kwa upole, "Bibi, ninakusikia. Lakini dhabihu watoto hawaijui. Wanaitamka kama kasuku tu."

"Wanaijua! Muulize mjukuu wangu!"

Maneno yakazidi. Wengine walimuunga mkono bibi, wengine katekista. Ndugu Lukas alipoona hivyo, akamwita Stefania na kumpa daftari.

"Ninakwenda vijiji vya jirani, nitarudi baada ya wiki moja. Waulize wenzako kumi shuleni dhabihu ni nini. Andika kila jibu kama lilivyotoka kinywani. Usisahihishe, usipambe."

"Ndiyo, Ndugu," akasema Stefania. Yeye mwenyewe, aliyelisoma neno lile kila asubuhi, siku zote alidhani dhabihu ni dhahabu.

Shuleni alianza na Benedikto.

"Dhabihu? Si ile ya kutengenezea pete?"

Klementi alisema ni jina la nabii. Kidawa alicheka tu, akasema hajui. Wengine sita nao wakasema dhahabu. Aliyebaki alikuwa Adija, rafiki yake, binti wa Kiislamu.

"Si kuchinja huko?" akasema Adija. "Kama mnyama tunayemchinja Idi kubwa, kwa ajili ya Mungu."

Jumatano ilikuwa siku ya kuezeka kanisa. Watu wa upande wa bibi hawakutokea hata mmoja. Jioni hiyo bibi aliuliza, "Vipi, wenzako wamejibu vizuri?"

Stefania alitazama uso ule wenye matumaini, akashindwa kusema kweli. "Vizuri, Bibi."

Akachana ukurasa, akaandika upya. Jibu la Adija akaligawa kwa wote kumi, akibadilisha neno hapa na pale ili yasifanane.

Kesho yake Adija alilichukua daftari akasoma. Uso wake ukabadilika.

"Kidawa hakusema hivi. Wala Benedikto. Mbona umewatia wenzako maneno mdomoni?"

"Nyamaza, Adija. Haya ni mambo ya kanisani kwetu."

"Ni ya kanisani kwenu, lakini jibu ni langu," akasema Adija, akamrudishia daftari na kwenda zake.

Ndugu Lukas aliporudi, watu walijaa kanisani, mafungu mawili, kila fungu upande wake. Akasoma majibu yote kumi kwa sauti. Upande wa bibi wakapiga vigelegele. Mtu mmoja akasema, "Katekista, kasuku wako wana akili kuliko wewe!" Watu wakaangua kicheko.

Mwalimu Dionis hakukasirika. Alitoa ufunguo wa kanisa mfukoni, akauweka mezani. "Basi nimewasingizia watoto. Atafutwe mwingine wa kuwafundisha."

Stefania akamtazama Mwalimu Dionis. Yule ndiye aliyemfundisha kusali. Alitamani ardhi ipasuke aingie, lakini miguu yake ikamsimamisha.

"Si kweli," akasema, machozi yakimtoka. "Mwalimu hajadanganya. Mimi ndiye niliyedanganya. Saba walisema dhahabu. Hata mimi nilidhani ni dhahabu. Adija peke yake ndiye aliyejua."

"Kwa nini, Stefania?" akauliza bibi.

"Nilitaka ushinde, Bibi."

Bibi Magdalena akamgeukia katekista.

"Mwalimu, nisamehe. Kila asubuhi nimemsahihisha mtoto huyu matamshi. Sikumuuliza hata siku moja kama anaelewa."

"Na mimi nisamehe, Bibi," akajibu Mwalimu Dionis. "Nilikimbilia neno jepesi, sikujali limekuumiza wapi."

Ndugu Lukas akaguna, kisha akacheka. "Kumbe aliyejua dhabihu ya Wakristo ni binti wa Kiislamu!" Kicheko kikaenea pande zote mbili, mara hii bila kumchoma mtu. Akaendelea, "Uamuzi si wangu peke yangu. Lakini nitawaambia wenzangu kwamba hapa tambiko linaumiza na dhabihu haieleweki. Nitashauri dhabihu ibaki, na chini ya ukurasa pawekwe maelezo."

"Hapo sawa," akasema bibi, na watu wengi wakaitikia.

Stefania alihisi kama ametua mzigo wa kuni kichwani. Mwalimu Dionis akachukua tena ufunguo wake, akaja kusimama mbele yake.

"Sikia, mwanangu. Kusema sijui si aibu. Asiyejua hufundishwa, lakini anayejifanya anajua, nani atamfundisha? Na uongo hata ukisemwa kwa mapenzi, kuna mtu utamwangukia. Leo ulikuwa umeniangukia mimi. Ungenyamaza, vitabu vingechapwa, na watoto wa mbali wangeendelea kusoma wasichokielewa kwa sababu yako."

"Nimekoma, Mwalimu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa kaa hapa, uandike majibu kama yalivyokuwa. Halafu nenda kwa Adija. Yeye naye anakudai neno."

Stefania akafungua ukurasa mpya, akaandika bila kuficha kitu. Jibu la kumi na moja lilikuwa lake mwenyewe: "Stefania, darasa la sita. Sikujua."