Sentimita Kumi na Mbili

Jumamosi soko la Malindi halimpi mtu nafasi ya kukunja hata kiwiko, na ndani ya kibanda cha Kazungu, fundi wa redio, nafasi ilikuwa finyu zaidi. Badi aliingia ubavu ubavu, shati lake jeupe limeshagandana na mgongo kwa jasho, akamkuta msichana amesimama mezani na redio kama yake, rangi ile ile, na mshikio umevunjika pale pale. Buibui lilikuwa limemteleza mabegani, na chini yake likaonekana gauni la rangi ya papai, limeshonwa na mtu anayeijua kazi yake. Hina ilikuwa imebaki kwenye ncha za vidole tu.

"Nataka masafa mafupi yasikike," msichana alikuwa akimwambia fundi. "Vituo vya karibu sina haja navyo."

"Na mimi shida yangu ni hiyo hiyo," Badi akadakia bila kuulizwa. "Nasikiliza habari za hali ya hewa."

Msichana akageuka. "Ya wapi?"

"Ya popote. Mimi ni mpima mvua wa kiwanda cha chumvi, huko Marereni. Mvua moja ya ghafla ikiingia mabwawani, chumvi ya miezi mitatu imekwenda. Na wewe, dada, mvua yako ni ya wapi?"

"Mimi sifuati mvua. Nafuata theluji."

Kazungu akaweka bisibisi chini. "Theluji! Miaka kumi na mmoja natengeneza redio hapa, watu wanataka taarabu na mpira. Leo wamekuja wawili wanaotaka baridi. Nyinyi mna homa?"

Wakacheka wote watatu, na Badi akatoka sokoni siku ile, Novemba ya mwaka 1984, akiwa amesahau kununua samaki aliotumwa.

Msichana aliitwa Shekha, fundi cherehani wa mtaa wa Shela. Babake, Mzee Amin, alikuwa mpishi wa Mtaliana mmoja aliyekuwa na nyumba ya likizo Malindi, na tajiri alipoacha kuja huku, akamchukua mpishi wake kwao, mji mdogo kaskazini ya Milano. Mzee akaondoka na kanzu mbili, viatu vyake vya makubadhi, na mwiko wake mrefu wa kupikia pilau ya harusi, maana alisema Wazungu hawana mwiko wa maana. Huu ulikuwa mwaka wake wa nne. Kila theluji ilipoanguka huko, Shekha aliisikia redioni, akaenda posta kumpigia simu. Mzee hakuweza kumpigia yeye, kwa sababu nyumbani kwao hakukuwa na simu, na ya duka jirani haikupokea simu za ng'ambo.

Kwa hiyo mapenzi yao yalianza kwa baridi ya watu wengine. Badi alipiga simu kutoka ofisi ya kiwanda kwenda duka la Mzee Msellem, lililopakana na cherehani ya Shekha, na mtaa mzima ukajua.

"Shekha!" Mzee Msellem alipaza sauti. "Mtu wako wa mvua!"

"Nambie, roho yangu," Shekha akasema kwa sauti ya chini, mgongo kauelekeza kwa wateja. "Leo wapi wanatetemeka?"

"Ujerumani, sentimita nane. Na hapa Marereni mtu mmoja anatetemeka, lakini si kwa baridi."

"Basi mpe uji wa moto, umlaze." Naye akakata simu akicheka.

Walinunua daftari moja kubwa, wakachora safu: tarehe, mji, kina cha theluji, sababu. Badi alimfundisha alivyofundishwa na mkuu wake kazini, Bwana Gona, mtu mkali asiyecheka na kipimo. "Kama hukusoma kipimo, tia mstari," Badi alimwambia. "Hata ukijua kwa hakika mvua haikunyesha. Hukusoma, tia mstari. Mstari hauna aibu. Aibu ni namba ya kubuni." Shekha akayaandika maneno hayo ukurasa wa kwanza kwa hati yake nzuri, akalipigia mstari mara mbili neno "aibu".

Januari ilipoingia, redio ikaanza kusema habari za baridi iliyoshuka kutoka Siberia ikaenea Ulaya yote. Jumapili ya tarehe kumi na tatu theluji ikaanza kaskazini ya Italia, na haikukatika. Shekha akataka kujua kwa nini huko na si kwingine.

"Nchi ile ni kama bakuli," Badi alimweleza kwenye simu. "Milima imeizunguka. Hewa ya baridi ni nzito, ikishaingia bakulini hukaa chini, haitoki. Halafu hewa yenye unyevu ikaja kutoka baharini, ikapanda juu ya ile baridi. Ikipanda hupoa, na unyevu wake huanguka. Njia nzima ya kushuka ni baridi, kwa hivyo haipati nafasi ya kuwa mvua. Na bahari haiishi kuleta."

"Na baba yumo bakulini."

"Yumo ndani ya nyumba yenye moto, mpenzi, anakaanga samaki."

Jumatano jioni Badi alikaa na redio yake ofisini Marereni. Mtangazaji alisema theluji ni nyingi Milano, treni zimesimama, kisha sauti ikazama kwenye mkwaruzo na haikurudi. Mji wa Mzee Amin haukutajwa. Na kesho yake, Alhamisi, ilikuwa siku ambayo Badi alikuwa akiihesabia tangu mwaka mpya: Shekha alikuwa aende Mambrui na shangazi yake, Bi Nana, kumpima mama yake Badi gauni. Gauni lilikuwa kisingizio tu, na kila mmoja alijua hivyo. Mama alikuwa ameshamchagua kuku.

Saa moja simu ikalia ofisini.

"Badi, samahani," sauti ya Shekha ilikuwa nzito, ya mtu aliyelia. "Kesho sendi Mambrui. Nitashinda posta mpaka nimpate baba. Redio yangu haikushika kitu. Wewe umepata?"

Hapo ndipo alipopaswa kusema hapana. Neno dogo, na alikuwa nalo mdomoni. Lakini alimwona mamake na kuku wake, akajiona yeye mwenyewe, bingwa wa hali ya hewa asiye na jibu, na mdomo ukamtangulia.

"Nimepata. Mji wa baba theluji imeupita kando. Sentimita kumi na mbili."

"Kumi na mbili tu? Wallahi?"

"Kumi na mbili. Andika."

Shekha akashusha pumzi, akacheka. "Unaniponya, habibi. Basi posta itangoja theluji nyingine, na kesho mwambie mama asitie pilipili nyingi."

Alhamisi ile Mambrui ilikuwa furaha tupu. Shekha alikuja na tepu yake shingoni, akampima mamake Badi, Bi Mahfudha, mara tatu kwa utani, akala, akaombwa ale tena. Badi alikuwa akimtazama anavyocheka na kila mara kumi na mbili ikimpita kichwani, akiifukuza. Alijiambia kwamba pengine ni kweli.

Barua ilifika baada ya wiki tatu, imeandikwa na mke wa tajiri kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Simu iliyopigwa kiwandani mchana ule haikuanza kwa roho yangu wala habibi.

"Badi. Kumi na mbili uliipata wapi?"

Badi akageukia ukutani. Karani alikuwa karibu, akiandika.

"Redio ilisema?"

"Haikusema."

"Sasa ilitoka wapi?"

"Kichwani mwangu."

Alimsikia akivuta pumzi. "Baba alianguka Jumatano ile ile. Kavunjika nyonga. Mama tajiri alikaa kando ya simu Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, akijua nitapiga kama ninavyopiga siku zote, apate kunambia. Walimpasua hana hata mtu wake mmoja anayejua. Kila akifumbua macho anauliza, Shekha kapiga? Nami nilikuwa Mambrui nakula kuku wa mamako." Akatua. "Uliniambia mwenyewe maneno yale ya ukurasa wa kwanza. Nikaandika." Simu ikakatwa.

Badi alisikia uso wake umewaka kama aliyepigwa kofi mbele za watu. Alitoka nje, akasimama kati ya marundo ya chumvi, nyeupe pe, na hakuweza kuyatazama.

Aibu ina tabia ya kumfuata mtu mpaka mezani. Mamake alimuuliza mara ya tatu kwa nini Shekha haleti gauni, na Badi akamweleza yote, macho yake kwenye mkeka. Bi Mahfudha aliisukuma sahani mbele.

"Kwa hivyo mimi nilikuwa nikimwambia kula mwanangu, ongeza mwanangu, na babake amelala chini ya kisu cha madaktari?"

"Ndiyo, mama."

"Umeniingiza na mimi," alisema mama taratibu. "Mimi sikudanganya mtu, nami naona haya kupita mtaa wa Shela." Akainuka na kumwacha na chakula chake.

Badi alikwenda kwa Shekha siku ya pili, akasimama mlangoni. Bi Nana akamwambia binti hana nafasi. Akaomba daftari. Akalishika pale pale barazani, wapitao njia wakimtazama, akaikata kumi na mbili kwa kalamu nyekundu, akatia mstari, na pembeni akaandika: *Namba hii ilibuniwa na mimi, Badi.* Akamrudishia Bi Nana, akaaga, akaenda zake.

Februari ikapita, na Machi. Kazini alisoma kipimo cha mvua mara mbili mbili kabla ya kuandika. Asubuhi moja alichelewa kwa homa, na alipofika alitia mstari mbele ya Bwana Gona. Bwana Gona alitazama, akasema, "Vizuri," na Badi nusura alie kwa neno hilo moja. Redio yake hakuigusa. Theluji ya dunia ikaanguka bila yeye.

Mwisho wa Aprili, mvua za masika zimeshaanza, simu ikalia.

"Baba amerudi," Shekha alisema. Hakumtaja jina. "Anataka kumwona mtu aliyebuni kumi na mbili."

Badi alinyoa ndevu, akavaa kanzu, akaenda kama anayekwenda kuhukumiwa. Mzee Amin alikuwa amekaa barazani, mguu mmoja ameunyosha, bakora kaiegemeza ukutani. Shekha alisimama mlangoni na leso ya bluu kichwani, amekonda kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye?"

"Ndiye mimi. Sina la kujitetea. Nilitaka aje kwetu, na nilitaka nionekane najua. Nakuomba radhi. Sitarajii unipe."

Mzee alijiweka sawa kitini. Kisha akanyoosha mkono nyuma ya kiti, akatoa mwiko wake mrefu wa pilau, akaulaza juu ya magoti. Karibu na mshikio palikuwa na alama ya kisu.

"Jumatano ile nilitoka uani na huu nikaudidimiza thelujini mpaka chini, nikatia alama ilipofika. Nilipogeuka kurudi nikateleza. Nilikuwa na makubadhi."

"Ulitoka nje kwa nini, mzee, kwenye baridi ile?"

Mzee alimtazama bintiye, na Shekha akafunika uso kwa ncha ya leso.

"Mimi nilimwandikia," alisema. "Desemba. Nilimwambia nimechoka na theluji ya kuambiwa imefika magotini, imefika vifundoni. Baba nipimie sawasawa, tuna daftari. Alitoka kwa ajili yangu." Akaishusha leso. "Barua yake mwenyewe, ya kunieleza hivyo, ilifika Februari, nikaificha. Nilikulaumu wewe peke yako ili nisijilaumu mimi. Wewe uliandika kosa lako barazani watu wakuone. Mimi langu sikumwambia mtu."

Badi alitaka kumshika mkono, akakumbuka babake yuko pale. "Kuomba kipimo si kosa, Shekha. Kosa langu ni langu, usinipunguzie."

"Haya, mtabishana mpaka lini?" Mzee alisema. "Nimebeba huu mwiko kwenye ndege, Wazungu wakinicheka. Pimeni."

Shekha akavua tepu shingoni. Badi akashika ncha ya mwiko, Shekha akaivuta tepu mpaka kwenye alama, vichwa vyao vikikaribiana. "Sitini na nane," alisema kwa sauti ndogo. Akaleta daftari, na juu ya mstari wa Badi akaandika sitini na nane, *kwa mwiko wa Baba*. Wote watatu wakaitazama namba ile.

"Mzee," Badi alisema mwishowe, "ukinipa ruhusa, nitatuma wazee wangu."

"Ruhusa ya kutuma ninayo. Ya kukubali anayo yule."

Shekha alikuwa akiikunja tepu kidoleni, anaikunjua, anaikunja tena. "Mamako bado anadai gauni," alisema. "Nitampelekea mwenyewe. Nina haya ya kumtazama, lakini nitampelekea."

"Hata yeye ana haya ya kukutazama."

"Basi tutatazamana na haya zetu." Akainua macho kwa mara ya kwanza. "Watume wazee, Badi."

Mzee Amin akapiga hesabu ya Ramadhani kwa vidole. "Tukiweka harusi Mfunguo Mosi, baada ya Idi, pilau napika mimi, uani. Haya, bingwa. Mvua itakuwa imekwisha?"

Badi alifumbua mdomo. Alijua masika ya huku huishaje, na jibu la kumpendeza mzee lilikuwa tayari. Shekha alikuwa akimtazama.

"Sijui, mzee," alisema.

Shekha akacheka, kicheko kile cha kibanda cha Kazungu, ambacho Badi hakuwa amekisikia tangu Januari. Akafungua ukurasa mpya wa daftari, akaandika *Harusi yetu*, na kwenye safu ya mvua akatia mstari.