Mji Wenye Taa Moja

Kila jioni, akishaosha vyombo, Kishungi alivuta kigoda akaketi kando ya cherehani ya mama yake. Mama alikuwa fundi wa sare za shule, na Kifaransa hakukijua hata chembe. Lakini alikuwa na sheria yake: kila akimaliza kushona pindo moja, mtoto amtajie kitu kimoja cha mji wao kwa Kifaransa.

"Utajuaje kama nimekosea, mama?"

"Kifaransa sikijui, mwanangu, lakini kubabaika nakujua. Haya, endelea."

Basi Kishungi akataja stesheni, tanuri la matofali, njiwa wa paa la posta. Alikuwa akijiandaa kwa usaili. Nafasi ya kambi ya lugha wakati wa likizo ilikuwa moja tu, watoto kumi na wawili waliitaka, na yeye aliitaka mpaka anaiota.

Siku ilipofika, mwalimu wake alimpeleka jiji kuu. Kwenye benchi la kungojea, msichana wa viatu vyekundu alimuuliza anatoka wapi. Kishungi akamwambia.

"Huko? Si ndiko kwenye taa moja ya barabarani, nayo imeungua?"

Benchi zima likacheka. Kishungi akainamisha kichwa, na pale pale akakata shauri.

Ndani, mtahini, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, alimuuliza kwa Kifaransa anatoka mji gani.

"Je viens de..." akaanza Kishungi, yaani natoka, kisha akalitaja jiji kuu bila kupepesa macho.

"Vizuri. Na ukifungua dirisha la kwenu asubuhi, unaona nini?"

Kishungi akatafuta neno la kuanzia. Jiji lenyewe alikuwa amelifikia asubuhi ile ile. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya mji mwingine. Mtahini akashika kalamu, na Kishungi akaiona kambi ikimponyoka.

"Pardon, madame. J'ai menti," akasema kwa sauti ndogo. Samahani, nimesema uongo. Akavuta pumzi, akaanza upya: "Je viens de..." Safari hii akautaja mji wao.

Hapo maneno yakamtoka mfululizo kama uzi wa cherehani: stesheni, tanuri, njiwa, mama yake dirishani na sare magotini. Mwisho akasema kwamba wana taa moja ya barabarani, nayo imeungua, ndiyo maana kwao nyota huonekana vizuri. Mtahini akacheka mpaka akafuta machozi.

Mchana jina la mshindi lilisomwa. Lilikuwa la Kishungi.

"Kwani ulimwambia nini?" akauliza msichana wa viatu vyekundu.

"Habari za taa yetu," akajibu Kishungi.

Nyumbani alimweleza mama yote, hata ule uongo. Mama akasimamisha cherehani.

"Umeona, mwanangu? Habari za kwenu umezisoma kila jioni, kisha ukataka kuziacha nje ya mlango. Usiuonee haya ukweli wako, ndio uliokubeba leo." Akakanyaga tena pedali. "Haya, pindo jingine hilo. Niambie kwa Kifaransa, kambini kutakuwa na nini?"