Siku Kumi na Tisa Bila Mashine

Rafu ilikuwa tupu. Mashine iliyokuwa ikijibu maswali ya damu kwa wodi zote za hospitali ilikuwa imetoweka, waya zake zikining'inia ukutani.

Mkaguzi wa vifaa ndiye aliyegundua asubuhi hiyo. Mkurugenzi tayari alikuwa na mtuhumiwa: fundi wa kompyuta, binti ambaye wenzake walimwita Mirija.

"Nilimkataza kuchezea mifumo, hakusikia. Leo hii anaacha kazi," alifoka.

Inspekta wa polisi, mama mnene mwepesi wa kucheka, alipitisha kidole kwenye rafu. Vumbi lilikuwa limetanda kila mahali, hata pale mashine ilipokaa.

"Hii haikuibwa leo. Ina wiki mbili na zaidi."

"Haiwezekani! Wodi zinauliza damu kutwa nzima."

"Na zinajibiwa?"

Muuguzi aliyekuwa akipita aliombwa ajaribu. Aliandika kundi la damu kwenye simu ya wodi, na kufumba na kufumbua jibu likaja: mifuko minne, friji ya pili.

Inspekta akaanza kuipenda kesi hii.

Mirija aliketi mbele yake, mikono kaibana magotini.

"Nani anajibu?"

"Kitu nilichotengeneza mimi, afande."

"Kwa kutumia nini?"

"Zana ya kuunganisha mifumo. Ililetwa ihamishe majibu ya maabara kwenda benki ya damu. Nikaona inaweza pia kupokea swali na kurudisha jibu. Siku tatu, nikamaliza."

"Na ile iliyopotea?"

"Programu ya ile aliiandika Mhandisi wetu wa mifumo kwa msimbo, yaani lugha ya kompyuta, mstari kwa mstari, juu ya kiunzi, msingi maalumu wa huduma za mtandao. Mwaka mzima alihangaika nayo. Ila haikuacha kuanguka, yaani kuzimika ghafla."

Akamwonyesha skrini. Inspekta hakujua msimbo hata chembe, lakini hapa aliona visanduku na mishale tu: swali linaingia, linapita kwenye orodha ya friji, jibu linatoka. Aliufuata mshale kwa kidole mpaka mwisho, akacheka kwa raha. Pembeni palikuwa na kumbukumbu. Kwa siku kumi na tisa, maswali yote yalikuja hapa.

"Nani aligeuza njia ya maswali?"

"Sijui. Mimi nilikuwa najaribu kwa maswali ya kubuni tu. Ruhusa ya kugeuza anayo Mhandisi peke yake."

Mhandisi alipoitwa, hakuruka kimanga.

"Mashine iko wapi?"

"Kwangu, afande. Chini ya meza."

"Uliiba?"

"Kwanza niligeuza njia ya maswali, nikaizima, nikasubiri mtu alalamike. Kimya. Nikaibeba kabisa. Kimya!" Alicheka mpaka mabega yakatikisika.

"Kwa nini hukuniambia?" Mkurugenzi aliuliza.

"Nilikwambia mara nne, mzee. Ukasema visanduku ni mchezo wa watoto. Nikatafuta ushahidi usiobishika."

"Na wewe ulipata nini?" Inspekta aliuliza.

Sauti ilimshuka Mhandisi. "Nina mapacha wa miezi minne. Kila mashine ilipoanguka, niliitwa mimi. Nikiwabeba walilia, hawanijui. Juzi, afande, wote wawili wamenichekea."

Inspekta alijifuta machozi waziwazi, wala hakuona haya. Mkurugenzi akavuta kiti karibu na Mirija.

"Nisamehe, binti yangu. Kazi ni yako. Sasa nionyeshe, swali linaingilia wapi?"