Baba na Mikono ya Sweta

Mama alikuwa mfumaji. Mashine yake ya kufuma masweta iliendeshwa na kompyuta. Asubuhi hiyo alikuwa na sweta moja tu la kumaliza, la mtoto anayeanza shule kesho. Mama wa mtoto angelifuata saa kumi.

Tatizo lilikuwa mikono. Mashine ilifuma yote miwili kwa pamoja, ikawa haikomi. Sweta la kwanza lilitoka na mikono ya kufika magotini. La pili vilevile. Kila mara Baba, ambaye hakuwa fundi wa chochote ila alijiamini kupindukia, alichomoa waya ukutani. Mashine ilisahau kila kitu ikaanza upya. Sasa uzi uliobaki ulitosha sweta moja, na madukani rangi ile ilikwisha.

Mashine ilipofika mstari wa sitini na mbili wa mikono, Baba alishika waya tena.

“Usichomoe!” Ilikuwa sauti ya jirani yao, fundi wa kompyuta, aliyeitwa na Mama. Akabonyeza vitufe viwili vitatu. Mashine ikatulia.

“Umeizima?” Mama aliuliza.

“Hapana, dada. Nimeisimamisha. Ndani ya prosesa, ubongo wa kompyuta, kuna vikasha vichache vya kushikia namba. Vinaitwa rejista. Programu zote huvitumia kwa zamu. Programu ya kufuma iliposimama, kiini, yaani msimamizi wa kompyuta nzima, kilinakili namba zake na kuzitunza kwenye kumbukumbu.”

“Kwa hiyo unachungulia vikasha?” Baba aliuliza.

“Vikasha sasa vina namba za programu nyingine, shemeji. Nakiomba kiini kinisomee nakala.” Akasoma. “Mstari wa sitini na mbili. Mwisho, mia nane.”

“Mia nane? Ni themanini!” Mama alimgeukia mumewe. “Nani ameongeza sifuri?”

Baba alitazama dari. “Watoto hukua haraka, mke wangu.”

Jirani alikiomba kiini kiandike themanini kwenye nakala.

“Hapohapo andika kwamba mimi ndiye mkubwa wa kompyuta,” Baba alisema.

“Kitakataa. Madaraka yake hakigawi.”

“Afadhali,” Mama alisema. “Nyumba hii ilihitaji mmoja anayejua kukataa.”

Jirani akairuhusu programu iendelee. Kiini kikarudisha namba kwenye rejista, na mashine ikaanza mstari wa sitini na tatu kana kwamba haikusimama. Kwenye themanini ikakoma. Uzi ulibaki shubiri moja. Jirani akasahihisha pia faili la vipimo. Saa kumi mtoto alilivaa sweta, akanyoosha mikono, na Mama akacheka huku machozi yakimtoka.

Tangu siku hiyo Baba hachomoi kitu bila kuuliza. Juzi pasi iliunguza suruali yake nzuri, naye alikuwa mlangoni kwa jirani, akipiga hodi kwa adabu.