Mjumbe wa Irwero

Zama zile misafara ya pwani ilipokuwa ndiyo kwanza inafika nchi za maziwa, na vitambaa vyake vya kaniki na bunduki zake za magobori, Irwero ilikuwa nchi ndogo ya wafua chuma, na Buhaka dola kubwa iliyoilinda. Kila mfalme wa Buhaka aliitwa Mukama. Miaka sita nyuma, majeshi ya nchi hizo mbili yalipigana bega kwa bega kwenye kivuko cha mto, na baada ya ushindi Mukama Nyarubira alichanjiana damu na Byabato, jemadari wa Irwero. Walichanja karibu na kitovu, wakapaka damu kwenye punje mbili za buni zilizotoka ganda moja, kila mmoja akameza ya mwenzake.

Sasa Byabato alitumwa Buhaka kupeleka majembe na mikuki ya urafiki. Mkewe Kokwenda alimsindikiza hadi mpakani mwa shamba. Safari ilikuwa ya siku tisa tu.

Barazani kwa Mukama, Byabato alimkuta mfanyabiashara wa pwani, Mwinyi Kombo, amevaa kanzu na kilemba, akiulizia habari za nchi za jirani. Manju wa Mukama akazieleza moja moja. Alipofika Irwero, akaimba kwamba watu wake walikimbia kivukoni kama kondoo, Buhaka ikawaokota, na tangu hapo ni watumwa wa Mukama. Wakuu wakacheka. Byabato alikwisha kuzisikia dhihaka hizo safari nyingine, akazimeza, maana mkono usioweza kuukata, ubusu. Lakini Mwinyi Kombo akauliza kwa upole kama watumwa hao wanauzwa. Macho ya Mukama yalikuwa kwenye magobori arobaini ya mgeni yaliyolazwa mkekani.

Byabato akaelewa. Akisema, amemwaibisha mfalme mbele ya mgeni, na malipo yake ni mkuki. Akinyamaza, msafara ule utaingia Irwero na minyororo. Akasimama, akalegeza nguo yake ya magome ya mti, akaonyesha kovu.

“Bwana mgeni, mtumwa halishwi damu ya bwana wake,” alisema. “Hatukuokotwa kivukoni. Tulizika pale watu mia mbili. Nawe, ndugu yangu, ukitaka kunikana, nikane kwa kinywa chako mwenyewe.”

Baraza zima lilijua kwamba amkanaye ndugu wa damu huvimba tumbo akafa. Mkono wa Mukama ulikwenda tumboni bila yeye kujua.

“Ni ndugu yangu,” akasema mwishowe. “Irwero haiuzwi.”

Kisha akatabasamu. “Na kwa kuwa ni ndugu, atakaa kwangu. Ndugu haagi.”

Hakuuawa, damu ilikataza. Wala hakuachiwa. Alipewa nyumba, ng’ombe kumi na walinzi mlangoni. Alikula vizuri, akakonda. Alitamani harufu ya mkaa wa tanuri, na zaidi ya yote alimtamani Kokwenda, jinsi alivyokuwa akikohoa kidogo kabla ya kumwita. Kila mwaka wajumbe wa Irwero walipokuja aliwauliza mambo madogo madogo: kama njia ya kisimani bado inateleza, ni nani anayefua majembe mazito siku hizi. Habari za mkewe hakuthubutu kuziuliza. Mwaka wa saba mjumbe mmoja akamwambia bila kuulizwa, “Mama Kokwenda anasema ameacha kukupikia, lakini hajaacha kukungoja.” Byabato akageukia ukutani, akakaa hivyo hadi mjumbe alipoondoka.

Alifia kule, mwaka wa ishirini na mbili. Wasimulizi wa Buhaka bado wanasema palikuwa na jemadari wa Irwero aliyeipenda nchi yao hata akasahau kwao. Irwero hakuna aliyetunga neno la kuwajibu. Misafara ilipita kando yake miaka yote ile, na watu wake wakazaliwa, wakazeeka, wakazikwa kwao.