Aliyekatwa Juu

Haya sikuhadithiwa. Yalimpata kaka yangu wa tumbo moja, na mimi nilikuwa nimekaa kaunta, hatua tatu kutoka alipokuwa. Ningekuwa nimehadithiwa ningelala vizuri zaidi.

Kaka yangu ana duka la kuhamisha kanda za video za zamani kwenye diski za Blu-ray. Watu wanamwita Pimamaji, kama kile kifaa cha mafundi cha kupimia usawa, kwa sababu hawezi kuona picha imeinama ukutani akaiacha. Hata akiingia nyumba ya watu, kwanza anainyoosha picha, ndipo anasalimia. Mimi napokea wateja, naandika lebo, na kumkumbusha kula.

Jumatatu moja alikuja dada mmoja, mshonaji, mrefu hata akainamisha kichwa mlangoni. Alileta kanda ya harusi ya shangazi yake.

"Mama yangu yumo humu," alisema. "Alifariki nikiwa na miezi minne, na picha zake zote ziliungua na nyumba. Sijawahi kumwona sura."

"Utamwona, mdogo wangu," nikamwambia. Nilitamka hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Ila muijaze TV yote, dada," akaongeza. "Kaka yangu kanunua kubwa, hataki nafasi nyeusi."

Hapo ndipo penye kazi. Picha za kanda zile zinakaribia mraba, na TV za siku hizi ni pana. Mara ya kwanza kaka aliivuta picha pembeni ili ijae, tukaijaribu kwenye diski pale dukani. Bibi harusi akawa mnene kama gunia la unga, nami nikacheka mpaka machozi. Sikuwaangalia waliosimama nyuma. Mara ya pili aliiacha na umbo lake, nyuso zikawa sawa, lakini kulia na kushoto kukabaki nguzo mbili nyeusi. Na mteja alikuwa amekataza nyeusi.

"Kata juu na chini, ijae, tumalize," nikamwambia. Foleni ilikuwa ndefu.

Akakata. Hakuitazama yote. Kanda yenyewe ilikuwa na ukungu, ikamkatikia mashineni alipoirudisha nyuma, akaitupa. Faili la mwanzo kwenye kompyuta, lenye picha nzima, akalifuta apate nafasi. Zile diski mbili za majaribio nilizikatakata kwa mkasi, maana ndiyo desturi yetu, kazi mbovu isitembee mjini na jina letu. Tukabaki na nakala moja ya dukani, na jioni ileile mshonaji akachukua yake.

Kesho yake alirudi. Hakupiga kelele.

"Mama yuko nyuma ya maharusi, gauni la kijani, kama nilivyoambiwa. Sekunde kumi na moja. Lakini anaishia shingoni."

Kaka akanitazama. Mimi nikawahi.

"Aliyepiga video ndiye aliyemkata, mdogo wangu. Kanda ilikuja hivyohivyo."

Akanishukuru. Akamshukuru na kaka. Alipotoka, kaka akaniuliza kwa nini nimesema vile, nikamuuliza alitaka niseme nini. Uongo ulikuwa wangu, na kunyamaza kukawa kwake.

Jumatano mchana kaka aliiweka nakala ya dukani. Nadhani dhamiri ilimsuta.

"Njoo," akaninong'oneza.

Nikaona gauni la kijani. Nikaona shingo. Juu ya shingo palikuwa na kidevu.

"Jana mshonaji kasema anaishia shingoni," nikasema.

Akakagua vipimo vyote. Upana uleule, urefu uleule. Kilichokwisha kurekodiwa hakibadiliki, aliniambia.

Alhamisi tuliona mdomo. Nikatazama miguu, nikaelewa. Magoti yalikuwa yamekunjwa. Katika watu wote waliosimama pale wakipiga makofi, yeye peke yake alikuwa anainama. Pole pole. Kama mtu mrefu anayeingia mlango mfupi.

Ijumaa yalikuja macho.

Hayakumtazama bibi harusi. Yalitutazama sisi. Na sura ile niliijua. Ilikuwa ya mshonaji.

"Tumwite mwanawe," kaka alinong'ona. "Hataki kingine. Anataka kuonekana tu."

Kaka alisema kweli, na nilijua hivyo. Lakini kumwita ni kukiri. Kichwa nilichosema hakikuwepo kwenye kanda kingetoka wapi? Niliogopa aibu kuliko nilivyomwogopa marehemu. Nikaitoa diski, nikachukua mkasi, nikaikata vipande vinne. Kaka alisimama akinitazama na hakunizuia.

Wiki iliyofuata mshonaji alikuja tena, taratibu, kama anayeomba maji.

"Dada, hakuna hata kipande cha kanda kilichobaki?"

"Hakuna."

Akainamisha kichwa. Nikamwonea huruma, huruma ya kweli, ikanitoka kabla sijafikiri:

"Usilie. Mmefanana mno, hasa macho."

Njia ya mwongo ni fupi. Akainua kichwa.

"Umemwona wapi?"

Nikafungua daftari la wateja, nikajifanya naandika. Alisubiri, akatoka. Hajarudi.

Jioni ile, nikifunga, niliona alama kwenye kioo cha mlango, upande wa nje. Mafuta, umbo la paji la uso, juu kabisa, nisikofika mpaka nipande kiti. Nikasema ni mshonaji, mrefu yule, amejigonga akiingia. Nikaifuta kwa sabuni.

Asubuhi ilikuwepo tena. Kwa upande wa ndani. Chini kidogo ya ile ya jana.

Nimeifuta kila siku kwa wiki mbili. Kaka hanyooshi tena picha za watu, na mlango ule haupiti, anazungukia nyuma. Namba ya mshonaji iko kwenye daftari la wateja, mistari mitatu tu kutoka juu. Nalifungua, naitazama, nafunga daftari.

Leo sikuhitaji kiti kuifuta. Alama ilikuwa usawa wa uso wangu, na chini ya paji, kioo kilikuwa na ukungu wa pumzi.