Awinja Alikuja Kukata Figili

Soko la Kakamega lilikuwa limefurika Mukhwana aliposhika fungu la mwisho la figili, na mkono wenye bangili ukalishika upande wa pili. Gauni la njano, mabega ya kuvimba kama fasheni ya miaka ile ya tisini. Maskini, moyo ukamruka.

"Wewe hii unakulanga aje?" msichana akauliza.

"Si ni viazi nyekundu?"

Awinja, ndilo jina lake, akacheka mpaka muuzaji akacheka naye. "Wacha nikufundishe, wewe."

Simu za Mukhwana ofisini kwa Awinja zikafuata, "mpenzi" kila baada ya neno, na Jumapili moja msichana akaja chumbani kwa Mukhwana, leso kiunoni. Akakata figili nyembamba, akazitia chumvi, akazikamua maji, akaongeza limau, sukari kidogo na pilipili.

"Sasa tungoje zikolee."

"Mimi nishakolea."

"Nyamaza, mwongo."

Mlango ukafunguka. Alikuwa Beldina, mamake Mukhwana, kutoka Butere bila taarifa, kuku kwapani. Aliona msichana, kisu na bakuli, akapiga vigelegele vya kupasua bati. "Bibi ya mwanangu ameingia jikoni!" Huko kwao, msichana akipika nyumbani kwa mwanamume, ameolewa, basi. Majirani wakajaa mlangoni. Awinja aliduwaa, mikono ikinuka limau, akamtazama Mukhwana amwokoe. Naye Mukhwana, kwa mshtuko, akatabasamu! Mwanamume mzima!

"Kumbe mlinitegea," Awinja akasema, akatoka mbio.

Alipofika kwao Mukumu, umbeya ulikuwa umemtangulia. Baba yake hakuitikia salamu. Alikuwa ameapa kwamba binti yake ataposwa nyumbani, si kuokotwa mjini.

Kesho yake Mukhwana akapiga simu ofisini. "Mpenzi, sikujua mama anakuja."

"Na mdomo wako ulikuwa wapi?" Akakata simu.

Jumamosi Mukhwana na mamake wakaingia kwa kina Awinja. Beldina alisimama mbele ya wazee wa ukoo waliokusanyika. "Nilishangilia mapema. Mtoto wenu alikuja kukata mboga tu. Mnisamehe."

Kisha Mukhwana akafanya jambo lililowaacha wazee midomo wazi: hakumwomba baba, alimgeukia msichana mwenyewe.

"Awinja, utanikubali?"

"Na nikikataa?"

"Nitarudi kwetu na mama. Na yeyote atakayekuita bibi yangu, nitamwambia ni mwongo."

Baba yake akakohoa.

"Sasa ndiyo nakubali," Awinja akasema, akalia mbele ya watu wote.